Postfix kwa barua zinazotoka: njia zinaeleweka, ila ukimya wake unaumiza

Barua pepe inayotoka kwenye seva ya ofisi ina njia mbili kuu: ama seva iende yenyewe hadi kwa seva ya mpokeaji kupitia poti 25 (poti ni namba ya mlango wa mawasiliano kwenye seva), ama imkabidhi mtoa huduma mzigo, aghalabu kupitia poti 587, naye aufikishe. Kupanga barua ipi ipite wapi ndiyo kazi niliyoipa Postfix kwa miaka sita sasa, na katika kazi hiyo sijaona programu ya bure inayosomeka vizuri kuliko hii.

Wietse Venema aliiandika akiwa kwenye kituo cha utafiti cha IBM, ikatolewa kwa umma mwaka 1998, enzi ambazo Sendmail, programu nyingine ya kusafirisha barua, ilikuwa imetawala na faili lake la mipangilio likiwatisha hata wazoefu. Katika Postfix, mipangilio ya faili la main.cf ni jina, alama ya usawa, kisha thamani. Ukitaka barua zote zipite kwa mtoa huduma mmoja, mstari wa relayhost unatosha.

Uzuri wake unadhihirika mahitaji yanapoongezeka. Ofisi ninayoihudumia ina vikoa viwili (majina yanayofuata alama ya @ kwenye anwani), kila kimoja na akaunti yake kwa mtoa huduma tofauti, na jedwali la sender_dependent_relayhost_maps linazitenganisha barua kwa kuangalia anwani ya mtumaji. Anwani inayoangaliwa ni ile iliyo kwenye bahasha, yaani ile ambayo seva huambiana wakati wa kukabidhiana barua, ambayo si lazima ifanane na ile anayoisoma mpokeaji, na jambo hilo lilinipotezea mchana mzima. Jedwali la transport_maps lenyewe huangalia anaandikiwa nani, na lina nguvu kuliko yote: mpokeaji akipangiwa njia humo, relayhost haisikilizwi tena, wala lile jedwali la watumaji.

Mahali pa kuwa makini zaidi ni mabano ya mraba. Ukiandika [smtp.mfano.example]:587, Postfix huenda moja kwa moja kwenye seva hiyo, ukiyaacha mabano, hutafuta kwanza rekodi za MX za jina hilo (zinazotaja seva za kupokea barua zake), na barua zako zinaweza kupelekwa kwenye seva iliyowekwa kwa ajili ya kupokea tu. Tena jina lililo kwenye faili la nywila ni lazima lifanane na lile la relayhost herufi kwa herufi, mabano na poti vikiwemo. Mimi niliweka mabano upande mmoja nikayasahau upande wa pili. Seva ikaenda kwa mtoa huduma bila kujitambulisha, ikakataliwa. Naona maelezo rasmi yangepaswa kulitanguliza onyo hilo, kwa kuwa kosa lenyewe ni jepesi kufanya na gumu kuliona. Pia, kila unapobadilisha faili la nywila, kumbuka kuendesha amri ya postmap, la sivyo seva itaendelea kutumia nakala ya zamani.

Lawama yangu kubwa ni ukimya wake. Wakati barua zetu zilipokuwa bado zinakwenda zenyewe, kampuni iliyotukodisha seva ilifunga poti 25 bila kutuarifu. Mhasibu alituma ankara Jumatatu asubuhi, hakupata jibu lolote la kosa, akaamini zimefika. Alhamisi mteja alipopiga simu kuziulizia, niliendesha postqueue -p, amri ya kuonyesha foleni, nikaziona zote kwenye foleni, kila moja ikiwa na maneno yaleyale chini yake: «Connection timed out». Kwa mpangilio wa kawaida, Postfix hujaribu tena na tena kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake, na katika muda huo haimwambii chochote, kwa sababu delay_warning_time, muda wa kusubiri kabla ya kumwonya mtumaji kuwa barua imechelewa, imewekwa sifuri, yaani onyo limezimwa. Subira hiyo ina maana pale seva ya mpokeaji inapokuwa imezimika kwa muda, lakini kumwacha mtumaji gizani si haki kwake.

Siku hiyohiyo nilihamishia barua zote poti 587, nikaweka delay_warning_time = 4h, kisha nikaongeza seva za watoa huduma wote wawili kwenye rekodi za SPF za vikoa vyetu (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa), maana Postfix ikibadilishiwa njia haigusi rekodi hizo. Ankara zilizokwama zilitoka kwenye foleni mara tu nilipoendesha postqueue -f, amri ya kujaribu tena kuzituma, na mhasibu akampigia mteja mwenyewe kumwomba radhi.