Simu za mezani za intaneti: uzoefu wangu wa miezi minane Bukavu

Tuna karakana ya kushona sare za shule hapa Nguba. Duka liko mbele, washonaji wako nyuma, katikati kuna ua. Tulinunua simu tatu za mezani za intaneti, dola 55 kila moja, ili duka na karakana waongee bila kumaliza vocha. Sauti yake ni safi, na hata mashine za kushona zikiwa zinapiga kelele mnasikilizana. Kwa hilo naisifu kabisa.

Kilichonigharimu ni kile kikaratasi cha usalama kilichokuwa ndani ya boksi. Nilikiweka kwenye droo bila kukifungua.

Simu hizi hazina adapta. Zinapata umeme kutoka kwenye swichi, yaani kile kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao, kwa waya uleule wa mtandao, volti 48 hivi. Kiwango chake cha kiufundi kinaitwa 802.3af: swichi inatoa hadi wati 15.4 na simu inahakikishiwa 12.95 mwisho wa waya wa mita 100. Umeme huo ni mdogo, hauna ukali wa volti 220 za prizi. Ubaya ni kwamba waya huohuo hupokea na usichokiomba.

Waya wa simu ya nyuma tuliupitisha juu ya ua, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi. Mwezi wa kumi na moja mvua ikashuka kutoka upande wa Kabare, eneo jirani na Bukavu, radi ikapiga karibu, na simu ya nyuma ikafa pamoja na tundu lake kwenye swichi. Fundi alipofika aliuliza swali moja tu: "Mama, huu waya umepita nje?" Kikaratasi kilikuwa kimeandika wazi kwamba simu ni ya ndani ya jengo, na nyaya zake vilevile. Nanyi mnajua radi za kwetu: utafiti wa setilaiti uliotolewa 2016 uliiweka Kabare ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sasa uani tumepitisha faiba, waya wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, kwa kuwa kioo hakibebi umeme; umeme wa simu ya nyuma unatoka upande wa karakana. Na radi ikianza hakuna anayeshika simu wala nyaya.

Geuzeni simu muisome lebo kabla ya kulipa. Yetu ina alama ya CE ya Ulaya na ya FCC ya Marekani, za kuonyesha kifaa kinafuata kanuni za huko. Nilidhani zinatosha, lakini hapa Kongo anayeidhinisha vifaa vya mawasiliano ni ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano. Muulizeni muuzaji cheti cha uidhinishaji. Wetu alinyamaza, nami nilikosea kununua hata hivyo.

Jambo jingine, hasa kwa washonaji wenzangu: sehemu ya kusikilizia ina sumaku, na pini hunasa pale. Binti mmoja alikuta pini mbili alipokuwa karibu kuiweka sikioni. Sasa kila asubuhi tunaifuta kwa kitambaa kabla ya kazi.

Umeme ukikatika swichi inazima, na simu zote tatu zinazima pia. Kwa hiyo kwenye meza ya malipo kuna simu ya mkononi yenye chaji siku zote, na namba za dharura nimezibandika ukutani juu yake.