Shimo la saba lilivyoniharibia mzunguko mzima

Nimelipa ada kamili ya wikendi kwenye uwanja mmoja wa gofu wa mashimo tisa nje ya Kampala, na bado nina hasira. Sababu ni shimo la saba tu.

Ukingo wake umevimba kama mdomo wa chungu. Mpira unafika taratibu, uko kwenye mstari, unapanda kile kivimbe na kugeuka pembeni. Ukiinama unaona nyasi za ukingoni zimekwisha, udongo umebaki mtupu, na kikombe cha plastiki kilicho ndani ya shimo kiko karibu sawa na uso wa grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Kinatakiwa kizame angalau milimita 25, la sivyo mpira unagonga plastiki na kuruka nje.

Uvimbe ule una chanzo chake. Anayetoboa shimo akikichomoa kikatio kwa kukitikisa bila kukanyaga ubao unaozunguka shimo pande zote mbili, udongo unainuka nacho. Kisha shimo likiachwa palepale siku baada ya siku, kila mchezaji anakuja kusimama hatua moja kutoka hapo: miguu inabonyeza nje, ukingo unabaki juu. Msimu wa mvua ndio mbaya zaidi, maana udongo ni laini.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Alfajiri, kabla ya kundi la kwanza, toboa kwingine, hatua nne au zaidi kutoka ukingo wa grini, mahali ambapo mita moja kuzunguka shimo hakuna mteremko mkali. Donge lililotoka lizibe shimo la jana, usawa uleule. Likizidi juu, mashine ya kukatia inalichuna. Likizama, linakuwa kisahani. Mwagia maji. Mtu mmoja anamaliza grini tisa kabla ya chai.

Msimamizi alipoambiwa, alijibu: “Ssebo (yaani bwana), wenzako wanaingiza, kwani wewe una nini?”

Hilo ndilo lililoniuma. Uwanja wa gofu wa Jinja ulijulikana kwa kanuni yake: mpira ukitumbukia kwenye alama ya unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Kiboko hazuiliki, basi mchezaji anatendewa haki. Shimo bovu linazuilika, na hapa mchezaji anatukanwa.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Lakini haki yao niiseme: nyasi za njiani zimekatwa vizuri, mchanga wa banka, yale mashimo ya mchanga uwanjani, umesawazishwa kwa reki, na kedi, msaidizi wa kubeba mfuko wa vifaa, niliyepewa alikuwa anaziba kila kovu la mpira kwenye grini, akisukuma nyasi kutoka pembeni kuelekea katikati bila kuinua udongo wa chini. Kijana yule anaijua kazi kuliko bosi wake. Kwa ajili yake, tatu.

Hapana, mbili. Nimepita tena juzi kuangalia. Bendera ya saba iko palepale.