Mtetea mkorofi: kumkata mdomo au kumtenga?

Hapa kwetu Kakamega, mtetea akizidi kudonoa wenzake, wengi hukimbilia kumkata ncha ya mdomo. Ni kazi ya dakika moja, lakini kisu kikizama kidogo tu damu inatoka, kuku anaumia na kula kwa shida, na ncha yenyewe huota tena.

Mimi humtenga. Namweka kwenye kizimba siku 3 hadi 5, na maji na mahindi yake, akiwaona wenzake. Akirudi, mara nyingi cheo chake cha ubabe kundini kimeshachukuliwa na mwingine. Yule wangu mwekundu alirudi akasimama kando, shingo chini, akingoja wengine wale kwanza. Nilimhurumia kweli.

Aliyedonolewa hadi damu naye mtenge, maana kuku hufuata wekundu wa kidonda. Tena ongeza vyombo vya chakula, wasigombanie.