Fundi wa boti bafuni kwangu: uzoefu wangu na hodhi la faiba

Nyumba tunayoishi hapa Bamburi ina hodhi la kuogea la faiba, na tulilikuta limechoka: kuta zimefifia, sakafu imekwaruzwa na stilwaya za waliotutangulia, na kando ya tundu la maji pana ufa mwembamba. Fundi bomba alishauri tuling'oe tuweke jipya. Nikaona kwanza nimwite fundi wa boti kutoka Mtwapa, kwa kuwa faiba ya bafuni na faiba ya boti ni kitu kimoja. Nampa nyota 4 kati ya 5, na ningemwita tena hata kesho.

Watu wengi huisugua faiba wakidhani ni kauri. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Kinachong'aa ni ngozi ya juu tu, gelikoti, ambayo haifiki unene wa milimita 1. Poda ya kusugulia huichimba, uchafu ukapata pa kunasa, mtu akaongeza poda, na hodhi likazidi kuchafuka kila linaposafishwa.

Fundi hakuanza na mashine. Alikanyaga sakafu ya hodhi kwa kisigino, hatua kwa hatua, huku akisikiliza. Upande wa tundu ulibonyea na kutoa mlio wa kitu kitupu. "Dada, ufa huu umetoka chini," akaniambia. "Nikiuziba juu bila kujaza huku, utaniita tena." Akafungua kifuniko cha pembeni, akashindilia mota ya saruji na mchanga chini ya sakafu, akarudi ilipokwisha kukauka. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Ufa wenyewe aliupanua kidogo, akaukausha, akaujaza gelikoti nyeupe iliyochanganywa na dawa ya kugandisha. Harufu yake ni kali, inachoma macho. Dirisha liwe wazi na watoto wakae mbali. Ilipogandia akapiga msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, pakiwa pamelowa muda wote. Akamalizia kwa kampaundi, dawa ya kung'arishia ileile ya mafundi wa rangi za magari, na mashine iende polepole, maana joto likizidi gelikoti huungua. Kuta akazipaka waksi. Sakafu hakuipaka, na usikubali fundi yeyote akupakie: mtateleza.

Kuta sasa zinang'aa hadi naona kivuli cha mkono wangu. Nyota iliyopungua ni ya rangi. Kiraka ni cheupe pe, hodhi lina weupe wa krimu, na mchana kinaonekana wazi. Angejaribu rangi kwanza mahali palipojificha, ningempa zote 5.

Kulitunza ni kazi ndogo. Maji yetu ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo yana chokaa. Ukoko uleule unaoganda ndani ya birika hujichora pia kwenye hodhi, pale maji yanapoishia. Nachanganya siki na maji nusu kwa nusu, nalowesha kitambaa, nakilaza juu yake. Nikikiinua baada ya robo saa, pembeni mwa ukoko bado pana vipovu vidogo vidogo, na chokaa inafutika kwa kidole. Nasuuza vizuri. Siki na jiki zisikutane kamwe, zikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Utando wa sabuni, ambao kwa maji magumu hauepukiki, hutoka kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu na sifongo laini. Asitoni ya kutolea rangi ya kucha isifunguliwe karibu na hodhi, inakula gelikoti. Na ule mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza, unyanyue kila baada ya kuoga. Chini yake maji hukaa, na doa linaloanzia hapo ni sugu kuliko mengine yote.