Risasi bandia za mazoezi: nilichojifunza kwa miezi minane ya kubadilisha magazini

Magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini wa bastola, ilidondoka miguuni pangu baada ya risasi moja tu. Nilikuwa uwanja wa shabaha, nimebadilisha magazini ilhali chemba (tundu la nyuma ya mtutu, risasi inapofyatukia) bado ina risasi na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayokwenda mbele na nyuma) imefungwa. Nikasikia mlio, nikaamini imekaa. Nikafyatua, risasi ya chemba ikatoka, na magazini iliyojaa ikaanguka chini. Iliniuma sana, maana zoezi hilohilo nilikuwa nalifanya nyumbani kila jioni bila kukosea. Ila nyumbani magazini zilikuwa tupu.

Kwa sababu hiyo nikanunua risasi bandia: kumi na mbili za plastiki na kumi na mbili za alumini, zote za kipimo cha 9x19, yaani kipenyo cha milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19. Hazina baruti wala fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Umbo na urefu ni wa risasi halisi, hivyo zinaingia kwenye magazini na chemba kama kawaida.

Siku ya kwanza tu nikaelewa kosa langu. Magazini ikijaa, springi inakuwa imebanwa kabisa. Ukiiingiza wakati slaidi imefungwa, risasi ya juu inagota tumbo la slaidi, na lazima ishuke kidogo ndipo kizuizi cha magazini kishike. Magazini tupu haina ukinzani huo, inateleza tu. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusukuma kwa nguvu ndogo, na nguvu hiyo haikutosha. Sasa napiga kitako cha magazini kwa kisigino cha kiganja, kisha naivuta kidogo kwenda chini kuhakikisha. Ikija mkononi, haikukaa. Tahadhari moja: risasi kumi na mbili hazijazi magazini yangu ya risasi 15, na ugumu wenyewe uko kwenye zile za mwisho. Imebidi nichanganye za alumini na tatu za plastiki. Kabla ya kuagiza, hesabu magazini yako inameza ngapi.

Faida ya pili imo kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto (mimi natumia kulia). Magazini hukaa kiunoni ncha za risasi zikitazama mbele. Unapoichomoa, kidole hicho kinalala mbele ya magazini, na ncha yake inagusa ncha ya risasi ya juu. Ukishaigusa, unajua bila kutazama kwamba magazini imeelekea sawa, na kidole kinaiongoza hadi mdomo wa mpini kama mtu anayeonyesha njia. Magazini tupu haina cha kugusa hapo. Nilifanya mwezi mzima wa mazoezi nikikikunja kidole hicho pembeni, na kukinyoosha tena kumenichukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

Mengine yanakwenda pamoja na hayo. Bastola haishuki kiunoni. Inabaki mbele ya uso, kiwiko kinarudi karibu na mbavu, mpini unageuzwa kidogo ili mdomo wake uikabili magazini inayokuja. Macho yanatazama mdomo huo kwa nukta moja, kisha yanarudi kwenye shabaha. Mgongo bapa wa magazini unagusa kwanza ukuta wa nyuma wa mdomo, ndipo unasukuma. Nikianza kwa kusukuma, ninapiga ukingo na kupoteza muda wote niliodhani nimeuokoa.

Ikiwa risasi zimeisha na slaidi imebaki nyuma, naiachia kwa kuishika juu kwa mkono wa kushoto, kuivuta hadi mwisho na kuiacha ijirudie yenyewe. Wengine hubonyeza kizuizi cha slaidi kwa kidole gumba, na ni haraka zaidi. Kwa risasi bandia unaona papo hapo kama umefanya vizuri: ukiisindikiza slaidi kwa mkono, risasi inakwama nusu ndani. Kwa bastola tupu usingegundua hata siku moja.

Muda wote huo kidole cha kufyatulia kiko nje kabisa ya kikingio cha kifyatuo, na mtutu unaelekea upande salama. Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, kidole kikikutwa ndani ya kikingio wakati wa kubadilisha magazini, unaondolewa kwenye mashindano hayo yote. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Nyumbani, risasi halisi hazikai chumba ninachofanyia mazoezi. Nazitoa, nafunga mlango, nakagua chemba kwa macho na kwa kidole, ndipo naanza.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Zile za alumini zilikuja na rangi ya fedha na ncha ya shaba. Kwenye mwanga hafifu zinafanana mno na risasi halisi zenye ganda la chuma. Nilizipaka rangi nyekundu ya kucha pande zote, na kila wiki narudia zilipobanduka. Aliyezitengeneza hivyo hakumfikiria mtu mwenye watoto nyumbani. Za plastiki ni nyekundu tangu kiwandani, lakini kucha ya kuchomolea ganda imezitafuna kingo, na vumbi la plastiki nililikuta ndani ya chemba. Nne nimeshazitupa. Pia ni nyepesi. Risasi halisi ya 9x19 ina gramu 12 hivi, kwa hiyo magazini ya 15 hubeba takriban gramu 180 za risasi, na za plastiki hazikupi uzito huo mkononi wala magazini haianguki kwa kasi ileile ukibonyeza kitufe.

Mtetemo wa kufyatua hazikupi, huo unaufuata uwanjani. Zile za plastiki sitazinunua tena. Nitaagiza nyingine za alumini, kumi na tano kwa mara moja, zilizotiwa rangi ya chungwa mwili mzima.