Kipima soketi cha taa tatu na mita ya manjano: nimevitumia nyumbani na kwenye Probox

Nina vyumba vya kupangisha Temeke na Probox inayobeba mizigo ya duka, kwa hiyo hela yangu nyingi inaishia kwa mafundi umeme, wa nyumba na wa magari. Wote ukiwauliza swali wanakujibu kwa rangi. "Mama, huu mwekundu ndio moto, huu mweusi nyutro, usiwe na wasiwasi." Moto ndio waya unaoleta umeme, nyutro ndio unaourudisha. Sasa rangi inakuonyesha fundi alikusudia nini. Alichofanya hasa lazima ukipime. Ndiyo maana nikanunua vitu viwili Kariakoo, upande wa Gerezani: kipima soketi kwa shilingi 12,000 na mita ya manjano ya kupimia umeme, aina ya DT830D, kwa 18,000.

Kipima soketi ni plagi ya miguu mitatu isiyo na waya, mgongoni ina taa tatu ndogo na karatasi ya maelezo. Unachomeka, unawasha swichi, unasoma. Taa moja inaangalia moto na nyutro, ya pili moto na ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja), ya tatu nyutro na ethi. Soketi ikiwa sawa zinawaka mbili za kwanza, ya tatu inabaki imezima. Ethi isipokuwepo inawaka moja. Moto na nyutro zikipishana, zinawaka ya kwanza na ya tatu. Zilivyopangwa hutegemea kiwanda, kwa hiyo soma karatasi ya kwako, usikariri ya jirani.

Nyumba yangu ya mbele ni ya zamani, nyaya zake ni nyekundu, nyeusi na kijani. Vyumba vya uani vilijengwa baadaye, vina kahawia, bluu, na ethi ya kijani yenye mstari wa njano. Waingereza, ambao tumerithi kwao hizi plagi za miguu mitatu, walianza kuhamia rangi hizo mwaka 2004, na tangu Aprili 2006 kazi mpya kwao ni hizo tu. Madukani kwetu utakuta aina zote mbili. Kwenye fezi moja, yaani waya mmoja wa moto kama majumbani, si tabu: nyekundu inaungwa na kahawia, nyeusi na bluu. Balaa liko kwenye fezi tatu, huko kwenye mashine za kusaga na karakana za kuchomelea, maana zamani bluu ilikuwa fezi na nyeusi nyutro, sasa nyeusi ni fezi na bluu ndiyo nyutro. Hapo fundi anayeenda kwa mazoea anaweza kuua mtu.

Nikazunguka na kipima soketi vyumba vyote. Jikoni, uani, soketi mbili ziliwasha taa moja tu. Tulipozima umeme na kufungua, waya wa kijani na njano ulikuwepo, mpya kabisa, umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi bila kufungwa popote. Na mpangaji wa pale alishasema siku nyingi kwamba friji "inatekenya" akigusa mlango akiwa peku. Kwa ugunduzi huo peke yake 12,000 yangu ilirudi.

Lakini kina upofu, na karatasi yake haisemi. Soketi moja ya nyumba ya mbele iliwasha taa mbili, safi. Baadaye fundi mwingine aliifungua kubadilisha uso uliopasuka, tukakuta ethi haijafika pale kabisa. Aliyefunga mwanzo alichukua kipande cha waya, akaunga tundu la nyutro na tundu la ethi humo humo ndani ya soketi. Kipima hakiwezi kujua. Kwake nyutro na ethi zinafanana, hata zikipishana kitakuonyesha taa mbili zile zile. Ubaya wake ni huu: siku nyutro ikikatika njiani, moto unapita ndani ya friji, unafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, unavuka kile kipande na kukaa kwenye bati la friji. Na friji inakuwa imezima, kwa hiyo unaikumbatia kuisogeza. Ukitaka uhakika, zima meni swichi, fungua soketi, angalia kwa macho.

Upofu wa pili ni fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini. Taa zinahitaji umeme kidogo mno kuwaka, kwa hiyo fimbo ndefu iliyozama vizuri na kipande cha nondo kwenye mchanga mkavu vinaweza kuonekana sawa. Hiyo inapimwa kwa kifaa cha fundi. Kile kitufe cha "T" kwenye swichi inayojikata, ile iliyoandikwa 30 mA, nacho kinajaribu swichi yenyewe tu.

Mita ya manjano kwangu mimi ni ya gari basi. Tundu lake la 10A limeandikwa pembeni kwamba halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukagusisha soketi ya nyumba, umepiga shoti mkononi mwako. Nyaya zake pia ni nyembamba. Siigusishi ukutani.

Kwenye Probox ilinisaidia sana. Nikikanyaga breki, taa ya indiketa ya nyuma inawaka kwa mbali, na taa zote za nyuma zimefifia. Fundi akataka kuniuzia alteneta. Nikaweka mita kwenye volti 20 za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ethi ya taa ya nyuma (kwenye gari ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), breki imekanyagwa. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma volti tatu na ushee. Ethi ilikuwa imeoza: umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi unapenya kwenye balbu za jirani. Tukafungua bolti, tukapiga msasa hadi chuma king'ae, tukakaza. Alteneta ipo ile ile.

Na huko kwenye magari rangi za nyumbani zisahau. Kwenye Toyota ethi kwa kawaida ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye magari ya Kijerumani ethi ni kahawia, ile ile ambayo ukutani kwako ndiyo moto. Mweusi ndio kigeugeu kuliko wote: nyutro kwenye nyumba yangu ya mbele, hasi kwenye betri, moto kwenye vyombo vya Marekani, na kwenye Mercedes ni moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo.

Kipima soketi nyota nne. Karatasi yake ilibanduka mapema, nikaandika upya kwa maka peni. Mita nyota tatu, na ukinunua chukua yenye herufi D mwishoni, inalia waya ukiwa mzima. Yenye B hailii. Kipima mwambie muuzaji akichomeke kwenye soketi yake kabla hujalipa. Changu pale dukani kiliwasha taa moja. Muuzaji akaapa ni kibovu, akaleta kingine, nacho moja. Tukahamia duka la pili, vyote viwili vikawasha taa mbili, na yeye akarudi kukaa kwenye kiti chake cha chuma, pembeni ya feni.