TAHADHARI: Miche ya msokonoi "ya homoni" isiyo na mizizi

Wakulima wenzangu, someni hili kabla ya mvua za vuli, maana muuzaji wa miche hiyo huzunguka na pikapu msimu huo.

Miti ya msokonoi kijijini kwetu imebanduliwa magome hadi ikakauka. Mama yangu hulitafuna gome hilo akishikwa na kikohozi, kwa hiyo nilitaka tuwe na yetu shambani. Nikanunua miche 60 kwa shilingi 150 kila mmoja, na pakiti mbili za unga alioniambia ni homoni ya mizizi, yaani dawa ya kufanya kijiti kitoe mizizi. Miche ilipendeza, kila kijiti kina majani manne, matano.

Wiki ya tatu ikaanza kunyauka. Nikachana kifuko kimoja, kijiti kikachomoka bila kushikwa na chochote. Chini kilikuwa cheusi, kimeoza, hakina hata ule uvimbe mweupe unaotangulia mizizi. Nikachana kumi na viwili, vyote vile vile. Kumbe kijiti huweza kuchipua majani kwa akiba iliyomo ndani yake, na akiba ikiisha kinakufa. Kisha nikatafuna jani. Msokonoi wa kweli huwasha ulimi kama pilipili. Lile halikuwasha hata kidogo. Hata mti wenyewe haukuwa ule!

Unga nao niliudondoshea limau, ukatoa povu kama magadi. Homoni inayotumika sana, asidi ya indole-butiriki, huchanganywa na unga wa talki, ambao hautoi povu, na pakiti huandikwa kiasi chake, kwa mfano asilimia 0.3 au 0.8. Pakiti zangu zilikuwa nailoni isiyo na maandishi yoyote. Na hata homoni halisi haitoshi peke yake: vipandikizi vyenye majani vinataka kivuli na unyevu, kwenye sanduku la mchanga lililofunikwa nailoni. Akikwambia uchovye, uchomeke juani na uende zako, anakudanganya. Anawauzia hata wanaopanda mlonge, na fimbo nene ya mlonge huota bila dawa yoyote!

Kabla hujalipa, chagua miche miwili wewe mwenyewe, mwombe aichane mbele yako. Mimi sikufanya hivyo. Mbegu za msokonoi ulizie KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya), Muguga, na uzipande zikiwa mbichi kwani hazikai.

Nilipompigia alikata simu, kisha akanifungia. Ujumbe wa malipo ninao na nimeshaandikisha taarifa polisi. Kama nawe ulinunua kwake, usitupe vijiti wala pakiti. Vipige picha, upeleke taarifa yako pia.